Dripu Ambayo Sikumwekea Wairimu

Nakumbuka Jumapili moja, mwanangu, nikiwa mwaka wa pili wa shahada ya uuguzi. Nilikuwa nimekaa kwenye mlango wa chumba changu cha mabati kule Kawangware, nafua soksi, mara watu wawili wakaja wakasimama mbele yangu. Mmoja alikuwa Mama Wairimu, jirani yangu aliyeuza sukuma wiki kwenye lango la ploti yetu ya vyumba vya kupanga. Wa pili alikuwa Shosho Nyambura, mwenye ploti yenyewe, bibi mzee mrefu wa Kikuyu ambaye babake alilima pale kabla hakujajengwa nyumba hata moja. Mama Wairimu alikuwa na mfuko wa kemisti, lile duka la dawa, mkononi, na mle ndani nikaona chupa ya dripu, mpira wake na sindano.

"Dakitari," akaniambia, "mtoto amelemewa. Nimenunua kila kitu. Wewe kuja tu umuwekee maji."

Nikazikamua soksi polepole, nikijipa muda wa kufikiri.

Lakini nisikukimbize. Juzi baada ya ibada uliniuliza kama uombe kozi ya uuguzi chuo kikuu, nami nikakwambia nitakujibu nikipata nafasi. Jibu langu limo katika Jumapili hiyo, ila halitaeleweka vizuri nisipokwambia kwanza nilifikaje pale.

Mimi nililelewa Kibera, upande wa Kisumu Ndogo. Mama yangu aliuza omena, vile vidagaa vya ziwani, pale njiani, na harufu yake niliizoea hata sikuisikia tena mpaka nilipoenda shule ya bweni na kuambiwa na wenzangu kwamba blanketi langu linanuka ziwa. Nilipomaliza kidato cha nne nikiwa na alama nzuri za biolojia na kemia, watu wote walijua nitakuwa injinia, isipokuwa mimi. Mjomba wangu Okelo, fundi wa kuchomelea vyuma aliyekaa kijiji cha Raila humohumo Kibera, alikuja nyumbani kuniuliza nimechagua nini. Nikamwambia uuguzi.

Alicheka mpaka akakohoa. "Uuguzi? Mwanamume mzima akaoshe watu? Ouma, hiyo ni kazi ya dada zako."

Mama alikuwa anapepeta omena na hakuinua kichwa. Akamwambia ndugu yake, "Wewe ulipovunjika mguu, ni dada gani alikubeba? Si walikuwa wanaume watatu, na wakakuangusha njiani?" Mama akanigeukia akasema kwa Kijaluo, "Nyathina, mtoto wangu, nenda. Ila ukienda, enda kabisa."

Basi nikaenda. Karo ilipatikana kwa njia nyingi ambazo si za kusimulia leo. Mwaka wa kwanza ulinivunja kiburi. Nilidhani uuguzi ni huruma na sindano, kumbe ni mifupa yenye majina ya Kilatini, ni kemia ya damu, ni hesabu za dawa ambazo ukikosea nukta moja umemwua mtu. Somo la maumbile ya mwili nilianguka. Niliurudia mtihani huo likizo wenzangu wakiwa kwao, nikisomea kwenye ukumbi wa kanisa moja kule Riruta kwa sababu mlinzi wake alikuwa mtu wa kwetu na hakunifukuza. Kuanguka hakukuniua. Elimu ni bahari, na baharini kila mtu hunywa maji ya chumvi kabla hajajua kuogelea.

Mwaka wa pili tukapelekwa wodini kujifunza kwa vitendo. Hospitali niliyopangiwa ilikuwa upande wa Kawangware, ndiyo maana nikakodi chumba kwa Shosho Nyambura. Na hapo, mwanangu, ndipo koti jeupe liliponiletea shida ambayo hakuna mhadhiri aliyenionya juu yake. Siku ya kwanza nililianika kwenye kamba ya nguo. Jioni yake ploti nzima ilikuwa inaniita dakitari.

Nilikataa mwanzoni. Niliwaambia mimi ni mwanafunzi, tena wa uuguzi. Wakasema sawa dakitari. Mmoja akaniletea kikohozi, mwingine jino, mwingine ndoto mbaya. Niliwaelekeza kliniki, nao wakaenda, lakini jina likabaki. Sitakudanganya, baada ya miezi kadhaa lilianza kunipendeza. Mtoto wa muuza omena akipita, wazee wanamwamkia. Ni nani asiyependa?

Sasa rudi nami kwenye zile soksi.

Mwezi uleule ndio tuliokuwa tumefunzwa kuweka dripu. Nilikuwa nimeweka kadhaa, mwalimu wangu akiwa amesimama nyuma yangu, na alisema mbele ya wenzangu kwamba nina mkono mwepesi. Kwa hiyo usifikiri nilikuwa nashindwa. Mishipa ya mtoto wa miaka kumi ningeipata. Vidole vyangu vilikuwa vinaniwasha kwa hamu.

Nikasema, "Wacha nimwone kwanza."

Wairimu alikuwa amelala kwenye kitanda cha mamake, nyuma ya pazia. Nilikuwa nimezoea kumwona akiruka kamba uani, na sikujua amekonda hivyo. Mashavu yalikuwa yameingia ndani. Alikuwa ametapika asubuhi. Mamake akasema ni malaria, au taifodi, mwenye kemisti amesema zote zinawezekana, na kwamba mwili umeisha nguvu, unahitaji maji ya glukosi.

Nikamwangalia mtoto. Alikuwa amelala lakini akipumua kama mtu aliyekimbia, pumzi ndefu, nzito, moja juu ya nyingine. Nikamgusa paji la uso, hakuwa na joto. Nilipoinama karibu nikasikia harufu mdomoni mwake, tamu, kama ndizi zilizoiva kupita kiasi. Akafungua macho akaomba maji, akayanywa yote, akaomba tena.

"Amekuwa akinywa maji hivi?" nikauliza.

Mama Wairimu akatazama chini. "Kitambo. Anakunywa kama ng'ombe. Na…" Akasita. "Ameanza kukojoa kitandani. Msichana mkubwa hivi. Sikutaka watu wajue."

Mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini simlaumu. Ploti yetu ilikuwa na kuta za mabati, na msichana akichekwa humo anachekwa mpaka aolewe.

Nilisimama pale nikijaribu kuyapanga hayo niliyoyaona. Malaria bila joto? Taifodi yenye kiu ya aina hiyo? Na ile harufu? Nilikuwa nimesoma mahali kuhusu pumzi yenye harufu ya matunda, lakini ilikuwa imenitoka kabisa, kama jina la mtu unayemjua. Kitu pekee nilichokuwa na hakika nacho ni kwamba mambo yale hayakuoana na ile chupa iliyokuwa mkononi mwa mamake.

Nikatoka nje nikasema, "Siwezi kumwekea. Siruhusiwi. Mimi ni mwanafunzi, sheria hainiruhusu kufanya hivyo nje ya hospitali. Apelekwe hospitali sasa hivi."

Wee! Ploti ikawaka.

"Sheria?" Mama Wairimu akasema, sauti ikipanda. "Mtoto wangu anakufa, wewe unaniambia sheria?"

Majirani walikuwa wametoka vyumbani. Mmoja akasema, "Si unawawekea wengine huko kila siku? Unaringia nani?" Mwingine akasema hospitali siku ya Jumapili ni foleni tu, mtoto atamalizikia kwenye benchi. Mwingine, ambaye sikumwona uso, akasema kwamba kama angekuwa mtoto wa kwetu ziwani ningeshaweka hata dripu mbili. Hilo lilinichoma, na ningemjibu, ila nilikumbuka kwamba mtu hajibizani na mabati.

Shosho Nyambura hakupaza sauti. Alinikaribia akanielekezea kidole kifuani.

"Wewe kijana. Nilikupa nyumba wengine wakiniambia nisikupe. Huyu mtoto akikufia hapa na mkono wako unajua kazi, utafute ploti ingine."

Nikarudia kwamba siruhusiwi. Wakarudia kwamba naringa. Tukaenda hivyo, wao wakisukuma nami nikisukuma, hata kanisa la jirani likamaliza nyimbo na watu wakaanza kupita langoni na Biblia zao. Muda wote huo Wairimu alikuwa nyuma ya pazia akipumua vile. Mwishowe nikamwambia Shosho, "Nifukuze kesho. Leo niazime pikapu yako."

Alinikazia macho. Kisha akamwita mwanawe Kamau, aliyetumia pikapu hiyo kubebea maziwa, akamwambia alete gari. Tukamlaza mtoto nyuma juu ya godoro, mimi na mamake tukimshika, na Shosho mwenyewe akakaa mbele, kama mtu anayeenda kushuhudia kosa langu.

Hospitalini, palepale nilipokuwa nikijifunza, foleni ilikuwepo kweli. Lakini muuguzi wa mapokezi ya dharura, mwanamke mfupi wa Kisii aliyeitwa Sista Kerubo, alimwona mtoto akishushwa akatuita mbele ya wote. Akauliza ana nini. Mama Wairimu akasema malaria. Mimi nikasema, "Sista, ana wiki kadhaa anakonda. Anakunywa maji sana na kukojoa sana. Ametapika leo. Hana joto. Anapumua kwa nguvu, na pumzi yake inanukia kama ndizi zilizoiva."

Sista aliacha kuandika. Akainama akamnusa mtoto, akachukua kimashine kidogo, akamdunga kidole. Mashine ile haikutoa namba. Ilionyesha tu kwamba sukari imepita kipimo chake. Akaita daktari kwa sauti, na palepale watu wakaanza kukimbia.

Huku mikono yake ikiendelea na kazi akaniuliza, "Mmempa nini nyumbani?"

"Hatujampa kitu."

"Hata dripu?"

"Hata dripu."

"Mungu ashukuriwe kwa uvivu wenu," akasema.

Mama Wairimu bado alikuwa ameushika ule mfuko. Hakujua la kufanya nao, akaunyosha mbele. "Nilikuwa nimenunua haya maji, huyu akakataa kumwekea. Mnaweza kuyatumia?"

Sista akaitazama chupa, kisha akamtazama mama, kisha mimi. Alinena taratibu, si kwa ukali. "Mama, mtoto wako damu yake imejaa sukari kupita kiasi. Na haya ni maji ya sukari."

Yule mama akakaa chini, palepale sakafuni. Shosho Nyambura akamshika bega na kubaki amesimama naye hivyo.

Wairimu aliwekewa maji, ndiyo, lakini maji mengine, na insulini pamoja nayo, chini ya macho ya watu waliojua wanachokifanya, wakimpima kila mara. Kwa siku nzima ya kwanza hatukujua kama atabaki hai. Jumanne akaomba uji. Hapo nilitoka nikaenda nyuma ya jengo la wodi, nikalia kidogo, nikarudi kazini.

Wairimu aliporudi nyumbani, Shosho alipika chai kubwa akaita ploti nzima nyumbani kwake. Mama Wairimu alikuwa amekwisha kufunzwa kumdunga mtoto insulini, na alimsimulia kila mtu, mara nyingi, habari ya ile chupa. Wale walioniita mwenye maringo sasa walinipa kiti. Shosho akasema mbele ya wote, "Dakitari wetu alijua. Tulimpigia kelele na yeye alikuwa anajua."

Ningeweza kunyamaza, mwanangu. Ilikuwa tamu sana kusikia. Lakini Mama Wairimu aliniangalia akaniuliza, kwa hamu tu ya kujua, "Ulijua ni sukari?"

Nikasema, "Hapana, mama. Sikujua."

Jirani mmoja akacheka akasema, "Kumbe ulikuwa unabahatisha tu!"

"Ningeweka ile dripu," nikamjibu, "hapo ndipo ningekuwa nabahatisha."

Watu wakacheka, wakarudi kwenye chai na mandazi. Ila Shosho hakucheka. Wageni walipopungua akaniita jikoni. Nilidhani atanishukuru. Alikuwa anasuuza vikombe, na alinena akiwa amenipa mgongo.

"Kwa hivyo hukujua."

"Sikujua, Shosho."

"Na mbona hukusema hivyo?"

Nikamwambia nilisema, nilikataa tangu mwanzo.

"Ulisema huruhusiwi," akanikata. Akageuka, maji yakimtiririka mikononi. "Siruhusiwi ni neno la askari wa geti. Mtu akikwambia haruhusiwi, wewe unafikiri anaweza ila hataki. Sisi tulikaa pale tunakubembeleza kama mtu amefungia dawa kwa sanduku. Ungetuambia, 'Mama, nimemwangalia mtoto na sijui ana nini, naogopa,' unafikiri tungebishana? Mimi ningetoa gari hapo hapo. Tungeenda hata bila viatu." Akapangusa mikono. "Tulipoteza huo wakati kwa sababu uliona aibu. Koti lilikuwa limekukaa vizuri sana."

Alikuwa amesema kweli, na alikuwa amenisoma mahali ambapo mimi mwenyewe sikuwa nimepasoma. Kukataa nilikataa vizuri, na hilo hakuna wa kuninyang'anya. Lakini nilijificha nyuma ya sheria kwa sababu neno la kweli lilikuwa dogo, nami nilikuwa nimezoea kuitwa jina kubwa.

Kisha akanimiminia chai iliyobaki, akaniambia chumba ni changu mpaka nimalize masomo.

Nilimaliza. Nimefanya kazi hii wodini hadi nywele zimekuwa hizi unazoziona. Nimefanya kazi na watu wenye akili kunishinda, na nimeona makosa, yangu na ya wengine, maana kuishi kwingi ni kuona mengi. Ninachoweza kukwambia ni kwamba wagonjwa wengi niliowaona wakiumizwa hawakuumizwa na mjinga. Waliumizwa na mtu aliyekuwa na shaka akaona haya kuisema. Wairimu ni fundi wa nguo sasa kule Riruta, ana watoto, na hujidunga sindano yake kila siku bila kumsumbua mtu. Shosho tulimzika miaka kadhaa iliyopita, na nilikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza.

Basi jibu lako ni hili. Omba kozi hiyo. Siku hizi mnaomba kwenye mtandao, unaingia saiba ukalipia kompyuta au unatumia simu yako, lakini usibonyeze tu kwa sababu tangazo lina picha ya msichana anayetabasamu. Hakikisha kwanza kozi hiyo ya chuo hicho imekubaliwa na baraza linalosajili wauguzi, maana nimewaona vijana waliosoma miaka yote hiyo wakatoka na cheti kisichofungua mlango. Hakikisha una alama za biolojia na kemia, na kama hesabu inakutisha, anza kuzoeana nayo leo. Kabla ya yote hayo, nenda ukakae kwenye kliniki yoyote asubuhi moja, utazame wauguzi wanafanya nini, kisha ujiulize kama bado unataka. Wakikucheka kwamba utaosha watu, waambie ndiyo, utaosha watu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na katika kazi hii tunainama kila siku.

Ukianguka mtihani, urudie. Ukipewa koti, livae, lakini usiliache likuvae wewe. Majirani watakuita majina makubwa kabla hujayastahili. Wasahihishe kwa upole, leo na kesho na keshokutwa, hata wakichoka kukusikia. Na siku utakayosimama mbele ya mgonjwa usielewe unachokiona, sema hujui. Liseme mapema, liseme kwa sauti, na umwambie mtu anayeweza kusaidia. Kisha ueleze kila ulichokiona kwa macho yako na kukinusa kwa pua yako, bila kuongeza wala kupunguza. Kuuliza si ujinga. Kunyamaza ndiko kunakoua.

Nenda sasa, mwanangu. Mungu akupe jicho linaloona na mkono mwepesi, na akupe walimu wakali wanaokupenda. Wagonjwa wako wapone wakusahau, kwa maana aliyepona kabisa hana haja ya kukukumbuka. Na wewe mwenyewe ukiugua siku moja, akuhudumie mtu aliyefunzwa vizuri, asiyeona haya kuuliza. Amina.